Mgonjwa Kitandani, Mshitaki Mlangoni

Waliingia wodini watu sita, muda wa kuona wagonjwa ukiwa umebaki kama robo saa. Rafiki yangu alikuwa amelala ubavu, mkono wenye sindano ya dripu ameulaza juu ya mto ili usivimbe. Wakamsalimia, wakashikana mikono kukizunguka kitanda, wakaomba kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika shuka usoni. Maombi yalipokwisha, kiongozi wao akainama na kumwuliza kwa upole ambao hadi leo sijui niuite wa aina gani: “Dada, hebu jikague. Kuna jambo gani hujatubu?” Rafiki yangu hakujibu. Alikuwa anahesabu matone ya dripu. Walipoondoka akanigeukia mimi: “Kwani hawa wamekuja kuniombea au kunihoji?”

Mimi ni Mkristo na naamini Mungu huponya. Sikuja hapa kukwangua miujiza kutoka kwenye Biblia kwa wembe. Ukiiondoa katika Injili ya Marko, sura zake za mwanzo zitabaki matundu matupu. Kinachonikera ni tabia ya kuufanya mwili wa mgonjwa ubao wa magoli. Akipona, Mungu amefunga. Asipopona, Shetani amepata upenyo, na upenyo huo lazima ameuacha mgonjwa mwenyewe. Tabia hii huvaa kanzu ya imani kubwa. Kwa maoni yangu, inasimama upande ule ule inaodai kupigana nao.

Swali la wale watu sita si jipya. Wanafunzi wa Yesu waliliuliza walipopita karibu na mtu aliyezaliwa kipofu: “Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?” Ukilitazama swali hilo kwa makini, utaona limeshatoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Kosa lipo, kilichobaki ni kutaja mkosaji. Yesu akawanyima jina. Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Kisha akatema mate chini, akafanya tope, akampaka yule mtu machoni na kumtuma akanawe katika birika la Siloamu. Wanafunzi walitaka maelezo. Kipofu akapata tope. Na sehemu kubwa ya sura iliyobaki ni mahojiano. Mafarisayo wanamwita aliyeponywa mara mbili, wanawaita na wazazi wake, na mwisho wanamfukuza wakimwambia kuwa alizaliwa katika dhambi tupu. Mtu ameona jua kwa mara ya kwanza maishani mwake, na bado wapo wanaomsomea mashitaka.

Hapa baadhi ya wasomaji wangu watataka kurukia upande wa pili: basi tuseme maradhi na Shetani havihusiani, tumwachie daktari mwili na mchungaji roho, kila mtu abaki kwenye ofisi yake. Injili hainiruhusu. Katika Luka 13 yupo mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18, hawezi kujiinua kabisa, na Yesu anasema wazi kwamba Shetani ndiye aliyemfunga. Lakini angalia anamwambia nani maneno hayo. Mwanamke mwenyewe aliambiwa jambo moja tu, kwamba amefunguliwa katika udhaifu wake. Habari za Shetani aliambiwa mkuu wa sinagogi, aliyekuwa amekasirika kwa sababu uponyaji umefanyika siku ya sabato. Na katika sentensi ile ile Yesu anamtaja mwanamke kuwa wa uzao wa Ibrahimu. Kwanza anampa ukoo, ndipo anamtaja adui. Kifungo ni cha Shetani, lakini mfungwa ni wa nyumbani. Sioni mahali Injili inapomkalisha mgonjwa aeleze mlango gani aliuacha wazi.

Jina lenyewe lina jambo la kutufundisha. Kiebrania “satan” maana yake mpinzani, na katika kitabu cha Ayubu ni mpinzani anayesimama kama mwendesha mashitaka. Ufunuo sura ya 12 inamwita mshitaki wa ndugu zetu, awashitakiye mchana na usiku. Kazi yake ya msingi si pembe wala moto, ni kushitaki. Na shitaka lake maarufu kuliko yote ni la maneno machache: “Je! Huyo Ayubu yuamcha Bwana bure?”

Bure. Ugomvi wote wa kitabu kile umefungwa ndani ya neno hilo. Shetani hasemi Ayubu ni mwongo wala mzinzi. Anasema Ayubu ni mfanyabiashara mzuri: anatoa ibada, anapokea ng'ombe, ngamia na watoto kumi. Ondoa malipo uone kama ibada itabaki. Mali inakwenda, watoto wanakwenda, na Ayubu hafumbui kinywa kumtukana Mungu. Ndipo Shetani anadai mwili, na Ayubu anapigwa majipu tangu wayo wa mguu hata utosi, akaketi majivuni akijikuna kwa kigae. Kwa hiyo, ukifuata hoja ya kitabu, swali kati ya wema na uovu halikuwa kama Ayubu atapona. Lilikuwa kama yupo binadamu hata mmoja anayempenda Mungu bila mkataba.

Sasa chukua mahubiri yanayosema: panda mbegu, kiri kwa kinywa, usitie shaka, na uponyaji ni haki yako uliyokwisha kulipiwa, usipoupata, kagua malipo yako. Mhubiri anapaza sauti akimkemea Shetani, huku anahubiri utetezi wa Shetani neno kwa neno. Anafundisha kwamba hakuna amchaye Bwana bure, wala haipasi awepo. Kama mafundisho hayo ni kweli, basi katika sura ya kwanza ya Ayubu Shetani alikuwa sahihi na Mungu ndiye aliyekosea kumjua mtumishi wake.

Rafiki za Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri kuliko tunavyowasifu. Walirarua mavazi, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, maana waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Wangeondoka siku ya nane tungewaita watakatifu. Walipofungua vinywa, wakageuka kuwa mawakili wa mashitaka, kila mmoja kwa ufasaha wake: hakuna asiye na hatia aliyeangamia, kumbuka, tubu, jikague. Mwishoni Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Kisha linatokea jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa kwenye mkutano wa uponyaji. Wanaambiwa waende kwa Ayubu awaombee. Wazima wanaombewa na mgonjwa, ambaye hadi dakika hiyo kitabu hakijasema kwamba majipu yake yamepona.

Neno “bure” linarudi katika Mathayo sura ya 10, Yesu anapowatuma wale kumi na wawili kuponya wagonjwa na kutoa pepo: mmepata bure, toeni bure. Gehazi, mtumishi wa Elisha, hakuliweza. Bwana wake alikataa zawadi ya Naamani Mshami aliyetakasika ukoma, naye akamkimbilia njiani, akadanganya, akapewa talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Akarudi nyumbani na ukoma. Simoni wa Samaria alileta fedha ili anunue uwezo ule, na Petro akamlaani pamoja na fedha zake. Kanisa likaliita kosa la kuuza vitu vya roho kwa jina lake, usimoni. Sina haja ya kukaa hapa. Bahasha zinajulikana.

Tuliangalie na neno “muujiza” lenyewe. Kiswahili kimelichukua “muujiza” kutoka Kiarabu, kwenye mzizi unaohusu kutoweza: muujiza ni kile kinachowaacha wengine wote wameshindwa. Mzizi huo huo ndio uliotuletea “ajizi”, ile tunayoambiwa ni nyumba ya njaa. (Sijui kwa nini walimu wa lugha hawatuambii mambo matamu kama haya mapema.) Tena Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union Version, inatumia “hawezi” kwa maana ya zamani, yaani mgonjwa. Waliokuwa hawawezi waliletwa kwa Yesu, akawaponya. Muujiza na ugonjwa, katika lugha yetu, vyote viwili vinazunguka kutoweza.

Lakini Yohana katika Injili yake anapendelea jina jingine: ishara. Ishara huonyesha njia, na mtu hajengi nyumba juu ya kibao cha njiani. Katika Mathayo 12 Yesu anatoa maana ya ishara hizo kwa sentensi moja: ikiwa anatoa pepo kwa Roho wa Mungu, basi ufalme wa Mungu umekwisha kuwajilia. Uponyaji ni habari za utawala mpya. Haukuletwa kama mtihani wa kumpima mgonjwa imani.

Kama ungekuwa mtihani, wengi walioponywa wangefeli. Mtu wa birika la Bethzatha, mgonjwa wa miaka 38, alipoulizwa kama anataka kuwa mzima alijibu kwa kulalamikia foleni. Na alipokwisha kupona hakujua hata jina la aliyemponya. Wakoma kumi walitakasika, akarudi mmoja kushukuru, na ni huyo mmoja aliyeambiwa imani yake imemwokoa. Wale tisa walipata ngozi safi vilevile. Kijana wa Naini alikuwa maiti, tusimdai imani. Na yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Yao, siyo yake. Fikiria tukio lenyewe kwa karibu: nyumba imejaa, mlango haupitiki, watu wanne wanapanda juu na mzigo hai, wanatoboa dari, udongo unamwagikia vichwa vya wasikilizaji, na kitanda kinashuka polepole. Mgonjwa hasemi neno lolote katika habari nzima. Kama kuna imani ya kukaguliwa pale, ni ya walioshika kamba. Wale sita wa wodini wangeanza kujikagua wao.

Najua utaniletea Marko 6, Yesu akiwa kwao Nazareti, ambako hakuweza kufanya muujiza ila aliweka mikono juu ya wagonjwa wachache, akastaajabu kwa sababu ya kutokuamini kwao. Sawa. Ila waliokosa kuamini pale ni watu wa mji wazima waliojikwaa kwa seremala wanayemfahamu, na walioponywa ni wagonjwa. Andiko hilo linapotumika kumnyamazisha mgonjwa, limegeuzwa kichwa chini.

Barua za mitume zinatuambia mengi kwa sababu haziandiki mahubiri ya uponyaji. Zinataja habari za wagonjwa kama sisi tunavyotaja habari za ndugu kwenye simu. Timotheo ana tumbo linalomsumbua na magonjwa yanayompata mara kwa mara, anaambiwa atumie mvinyo kidogo. Epafrodito aliugua akakaribia kufa, Mungu akamhurumia, na Paulo anakiri kwamba angekufa angepata huzuni juu ya huzuni. Halafu kuna mstari mkavu mwishoni mwa barua ya pili kwa Timotheo: Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi. Hakuna maelezo, hakuna uchunguzi wa dhambi zake. Huyo aliyemwacha ni Paulo yule yule ambaye katika Matendo 19 leso na nguo zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Leso ilifanya kazi Efeso; Mileto si mbali na hapo, na rafiki wa karibu kabisa akabaki kitandani.

Na mwili wa Paulo mwenyewe? Alikuwa na mwiba. Wasomi wamebishana karne nyingi ni macho, ni homa, ni kitu gani, na ubishi huo unatupotezea jambo kubwa zaidi lililoandikwa waziwazi: mwiba ule anauita mjumbe wa Shetani. Tuseme basi tuna kesi iliyothibitishwa na mtume, mateso yenye mkono wa adui. Akaomba mara tatu uondoke. Jibu likawa: “Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu.” Mjumbe wa Shetani akaachwa mle mwilini, na kuwapo kwake hakukuwa ushindi wa Shetani. Mahubiri ya ubao wa magoli hayana mahali pa kuliweka andiko hili, ndiyo maana huliruka.

Mwaka 1946 Oscar Cullmann, mwanateolojia aliyefundisha Basel, Uswisi, alitumia Vita Kuu ya Pili ya Dunia, iliyokuwa imetoka kumalizika, kueleza hali hii. Tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Washirika yalitua pwani ya Normandy, Ufaransa, na kwa jicho la mwanahistoria mambo ya Ulaya yalikuwa yameshaamuliwa. Ujerumani ikasalimu amri tarehe 8 Mei 1945. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miezi 11, na watu waliendelea kufa ndani yake kwa mamilioni. Wakristo, alisema Cullmann, wanaishi kwenye miezi hiyo: pambano la kuamua limekwisha kupiganwa msalabani na katika ufufuo, siku ya amani haijafika. Mfano huu una kasoro zake, kwani vita vya binadamu havina upande ulio safi kabisa. Lakini unanisaidia kuuliza jambo moja. Askari aliyeanguka Machi 1945, nani angethubutu kusema alianguka kwa sababu hakuamini kwamba Normandy ilitokea?

Na pambano lenyewe la kuamua lilikuwa na sura gani? Waliosimama chini ya msalaba walilisoma kwa ubao wao: aliokoa wengine, hawezi kujiokoa mwenyewe. Hawezi. Neno la wagonjwa likahamia kwa Mponyaji. Kabla ya hapo, jangwani, Shetani alikuwa ameshamwomba muujiza: jitupe kutoka kinara cha hekalu, malaika watakudaka, imeandikwa. Alinukuu Zaburi ya 91 bila kukosea sana. Katika Injili, anayemdai Yesu ajithibitishe kwa muujiza, tena akiwa na andiko mkononi, kwanza kabisa ni Shetani. Na Yesu alikataa.

Kuna kisa cha Ujerumani ambacho kila anayezungumzia uponyaji na vita vya kiroho angepaswa kukijua kwa urefu. Johann Christoph Blumhardt alikuwa mchungaji wa Kilutheri katika kijiji cha Möttlingen, pembezoni mwa Msitu Mweusi. Mwaka 1842 aliletewa habari za msichana wa parokia yake, Gottliebin Dittus, aliyekuwa na maradhi na matukio ya ajabu nyumbani kwake. Blumhardt hakukimbilia. Alimshirikisha daktari, akaenda pale na mwenyekiti wa kijiji na watu wengine wenye akili timamu ili wawe mashahidi, na hakupenda kwenda peke yake. Hakutumia vitu vya kutisha wala mazingaombwe ya kidini. Alifunga, akaomba, akasoma Maandiko, akarudi tena kesho. Mapambano yalichukua karibu miaka miwili. Mwishoni mwa Desemba 1843 dada yake Gottliebin akapiga ukelele ambao Blumhardt aliubeba maisha yake yote: Yesu ni Mshindi! Karne iliyofuata mwanateolojia Karl Barth aliyachukua maneno hayo na kuyapa nafasi kubwa katika teolojia yake.

Unaweza kutilia shaka yaliyoonekana mle ndani. Wapo waliotilia shaka tangu siku hizo, na mimi sikuwepo. Ninachokitazama ni kilichofuata. Watu wa Möttlingen walianza kumiminika kwa mchungaji, mmoja mmoja, kuungama dhambi zao wenyewe. Hakuna aliyeambiwa aungame za Gottliebin. Naye Gottliebin hakuzungushwa mikutanoni kama ushahidi. Aliingia nyumbani kwa akina Blumhardt, akawa mmoja wa familia na mtenda kazi mwenzao, akahama nao kwenda Bad Boll mwaka 1852 na kuishi nao mpaka alipofariki mwaka 1872. Wakuu wa kanisa walipomwambia mchungaji aache kuingilia kazi ya madaktari, hakuanzisha dhehebu lake. Miaka miwili ya subira kwa ajili ya mtu mmoja asiye na mali. Linganisha na dakika tatu za jukwaani.

Ulinganishe pia na John Alexander Dowie, aliyejenga mji wa Zion huko Illinois, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, mji ambao madaktari na dawa havikutakiwa. Mwaka 1905 alipata kiharusi, na mwaka 1907 akafariki baada ya kupoteza karibu kila kitu. Sisemi hilo kumcheka. Kumcheka kungekuwa kumfanyia yeye walichofanya akina Elifazi. Nasema tu kwamba mafundisho yake hayakumwachia nafasi ya kuugua kama binadamu wengine.

Uadui kati ya dawa na maombi ni wa kuazima. Luka anaitwa tabibu mpendwa. Katikati ya karne ya 3, tauni ilipoikumba Dola ya Rumi, Wakristo wa Karthago walifadhaika kwa nini inawaua na wao sawa na wapagani, na askofu wao Cyprian ikabidi awaandikie kwamba mwili tunashirikiana na watu wote hata siku ya ufufuo. Karibu mwaka 370 Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, alijenga nje ya mji makao makubwa ya wagonjwa, wasafiri na maskini, na wakoma walipokelewa humo. Historia ya hospitali haielezeki bila watu kama hao. Walimpinga Shetani kwa vitanda na mabeseni.

Kuhusu ushahidi, kila upande una mzigo wake. Augustino wa Hippo alipokuwa kijana katika imani aliandika kwamba miujiza ya zama za mitume haikuachwa iendelee. Alipozeeka alibadilika. Katika kitabu cha 22 cha kazi yake juu ya Mji wa Mungu anaorodhesha uponyaji aliousikia na aliouona, na anasema katika mji wake peke yake taarifa zilizoandikwa zilikuwa karibu 70 ndani ya muda usiofika miaka miwili. Alitaka ziandikwe na kusomwa hadharani, kwa sababu aliona habari zinapotea au zinageuzwa. Askofu msomi, mtu wa mashaka kwa asili, akawa karani wa miujiza.

Lourdes, mji wa Ufaransa ambako Wakatoliki huhiji kwenye chemchemi wakitafuta uponyaji, wamelifanya hilo kwa ukali zaidi. Tangu 1883 ipo ofisi ya madaktari inayochunguza madai ya waliopona. Taarifa zilizofikishwa zimepita 7,000, na zilizotangazwa na maaskofu kuwa muujiza hazifiki 75. Asiyeamini atasema ni chache mno. Mimi naona ni uaminifu. Na kuna jambo la Lourdes linalonigusa kuliko hesabu. Bernadette Soubirous, msichana aliyekwangua ardhi mwaka 1858 maji yakatoka, alikuwa na pumu, baadaye kifua kikuu kikamwingia hadi kwenye mfupa wa goti. Alikufa mwaka 1879, ana miaka 35, mbali na chemchemi ile. Kwa hesabu ya ubao wa magoli, mwasisi wa Lourdes alifungwa.

Sayansi nayo ilijaribu kuyapima maombi kama kidonge. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita za Marekani. Walioombewa bila kuwa na uhakika kama wanaombewa walipata matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 52. Wasioombewa, asilimia 51. Walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa, asilimia 59. Wasioamini walifurahi, baadhi ya waamini wakakasirika. Mimi nilicheka kidogo. Utafiti ule ulipima kama Mungu hufanya kazi kwa zamu, kundi hili ndiyo, kundi lile hapana, na hilo hakuna Injili iliyowahi kuliahidi. Ila ile asilimia 59 huwa inanirudia nikiingia wodini. Labda kuna wagonjwa ambao, wakisikia wanaombewa, husikia pia kwamba wanatarajiwa.

Yesu alimwambia mkoma wa Marko 1 asimwambie mtu, aende akajionyeshe kwa kuhani. Katika sheria ya Musa kuhani ndiye aliyekagua ngozi na kutoa kibali. Yaani uponyaji wa Mwana wa Mungu ulipelekwa kwa mkaguzi kabla ya kutangazwa. Siku hizi kipaza sauti kinafika kabla ya kipimo. Na asiyepona hapewi kipaza sauti kabisa, kwa hiyo kanisa linasikia nusu ya ukweli kila Jumapili na kudhani ni wote.

Kuhusu pepo na magonjwa ya akili nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hapa watu hupoteza maisha. Mathayo 4:24 anataja wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza kama makundi tofauti. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataka ithibitike kwanza kwamba tatizo si ugonjwa, ndipo kuhani aruhusiwe kufanya ibada ya kupunga pepo, tena kwa idhini ya askofu. Anayemwambia mgonjwa aache dawa ili kuthibitisha imani anarudia, kwa maneno mengine, ombi la kwenye kinara cha hekalu.

Siku tatu baada ya wale sita, alikuja wodini mama mmoja mzee wa kanisa lile lile. Alikuja peke yake. Alivua viatu akavisukuma chini ya kitanda, akaketi, akakaa kimya muda ambao nilianza kuuona mrefu. Kisha akatoa kichupa cha mafuta, kama Yakobo alivyoagiza, akampaka rafiki yangu kwenye paji la uso na kuomba kwa sauti ya kawaida: “Bwana, mponye. Tunataka apone.” Hakuongeza sharti. Akamsomea Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani bila kugeuka, akafunga kitabu.

“Na wewe niombee, mwanangu,” akamwambia. “Magoti haya hayanipi usingizi.”

Rafiki yangu alinitazama, akamtazama yule mama, akaona hatanii. Akaunyoosha mkono wake usio na dripu, akauweka juu ya goti la yule mama, akaanza.